Saa Moja, Magharibi Mbili



Ramadhani iliyopita alinijia mama mmoja wa hapa Voi, uso umemsawijika. Kwa siku saba alifuturu kwa mlio wa programu ya simu aliyowekewa na mwanawe. Siku ya saba ameshameza tende, ndipo akatanabahi kwamba msikiti ungali kimya. Adhana ikaja dakika 4 baadaye. "Sheikh, saumu zangu je?"

Nilimwita kijana aliyeiunda programu ile, naye ni mwanafunzi wangu wa zamani. Kumbe aliweka mahali pa Mombasa kwa miji yetu yote. Akanijibu kwa adabu, "Maalim, si Kenya nzima ina saa moja?"

Naam, saa ni moja, saa 3 mbele ya ile ya Greenwich. Lakini jua halifuati serikali. Hutoka mashariki likaenda magharibi, na kila nyuzi moja ya longitudo hulichukua dakika 4. Voi iko takriban nyuzi moja magharibi ya Mombasa, na Taveta nyuzi mbili. Basi Mombasa wakiadhini, Taveta husubiri kama dakika 8. Hata adhana ya redio kutoka Mombasa haimfuturishi mtu wa Mwatate.

Kosa lake la pili lilikuwa la tarehe. Mashine hugeuza siku saa sita ya usiku, hali sisi usiku wa Ijumaa huingia Alhamisi jua lizamapo. Nikamwambia: hifadhi kila wakati kwa saa ya Greenwich, kisha uuonyeshe kwa saa ya mji wa msomaji, na tarehe ya Hijria igeuke kwa magharibi ya mji huo. Wala asiandike tarakimu ya 3 peke yake, bali jina la ukanda, Africa/Nairobi. Ndugu zetu walioko London husogeza saa zao kila Machi na Oktoba, na tarakimu iliyokaa tuli itawapoteza. (Hili alilijua kunishinda.)

Ama mama yule, kwa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefuturu akidhani jua limekuchwa, kisha ikabainika bado, hulipa siku hiyo. Dhambi hana, maana hakukusudia.

Kijana ameshatengeneza programu. Mama amelipa siku tatu, zimesalia nne.