Mchawi Ni Ua

Huku Iguhu ng'ombe akikataa nyasi, macho yakageuka manjano na ngozi ikaanza kubambuka, swali la kwanza ni: nani alipita hapa jana? Anatajwa mama mzee fulani, na kuanzia siku hiyo hasalimiwi. Mimi nimechoka na upuzi huu. Hebu tazama ua wako, bana. Ile lantana yenye vimaua vya manjano na waridi, ambayo nyinyi wa Nairobi mnapiga nayo selfi mkija Krismasi, ililetwa kutoka Amerika kama pambo tu. Majani yake yana sumu inayoharibu ini. Ini likilemewa, kemikali inayotokana na kijani cha majani hubaki kwenye damu, na jua likiwaka ngozi inaungua, hasa penye manyoya meupe. Ndiyo maana fahali mweusi wa jirani anaonekana ati amekingwa! Ng'ombe aliyeshiba kwa kawaida haigusi. Sasa wewe unamfunga kando ya ua Januari, nyasi zimekauka, unataka ale nini? Ing'oeni na mizizi, maana ikikatwa tu huchipua tena. Halafu nendeni mkamsalimie yule mama.