Wilikepu Ikibabuka Upande Mmoja

“Ami, wilikepu za gari langu zinanitia hasara. Nimenunua seti mpya mara mbili mwaka huu, na ile ya mbele kushoto inababuka tena. Nyingine tatu ziko sawa. Gereji wananiambia ni jua la Maskati tu, nisijisumbue.”

Barua hii imetoka kwa dada anayekaa Al Amerat, na kila siku ya shule anaupanda na kuushuka ule mlima wa kwenda Bausher akiwa na watoto watatu nyuma. Nimeichagua mwezi huu kwa sababu ya maneno aliyoyapitisha haraka: nyingine tatu ziko sawa. Jua la hapa ni kali, sibishi, na linaharibu rangi, dashibodi, raba za madirisha na hata wipa. Lakini jua haliwezi kuchagua gurudumu moja likaacha matatu. Nilimjibu siku ileile kwamba asinunue wilikepu nyingine na asiushuke mlima tena mpaka gurudumu hilo lifunguliwe.

Kwa wasiolijua jina, wilikepu ni kile kifuniko cha plastiki kinachobanwa juu ya rimu ya chuma ili gari lipendeze. Nyingi hutengenezwa kwa plastiki iitwayo ABS, na juu yake hupigwa rangi ya fedha na vanishi. Plastiki hiyo huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na rangi yake huweza kuachia hata kabla ya hapo. Nyuma yake tu, kwa umbali wa vidole vichache, ipo diski ya breki. Kwa hiyo wilikepu, ukitaka kuisoma, inakuambia joto la breki lilivyo.

Soma kwanza ni zipi zilizobabuka. Zikiwa zote nne, na kwa kiasi kimoja, hapo jua lina kesi, au wale vijana wa kuosha magari wanaonyunyizia dawa kali ya kusafishia rimu na kuiacha ikaukie. Zikiwa mbili za upande mmoja, angalia unavyoegesha nyumbani. Gari linalosimama kila siku upande uleule mbele ya jua la alasiri hubabuka upande huo. Ikiwa imekwaruzika ukingo wa nje tu, ni ukuta wa barabara, na dereva anajijua. Za mbele zote mbili zikibabuka zaidi ya za nyuma, huenda dereva anaegemeza mguu kwenye pedeli ya breki safari nzima, jambo ninaloliona sana kwa wanaoendesha otomatiki kwa miguu miwili. Za nyuma mbili, fikiria hendibreki isiyoachia sawasawa. Ila ikiwa moja peke yake, na hasa ikiwa imejikunjakunja au rangi imetoka malengelenge kama ngozi iliyoungua, usibishane na mtu. Gurudumu hilo lina joto ambalo wenzake hawana.

Dalili nyingine huja pamoja na hiyo, na watu huzizoea. Rimu moja inakuwa na vumbi jeusi au la kahawia kuliko mwenzake hata baada ya kuoshwa juzi. Gari linavuta kidogo upande mmoja. Petroli inaisha mapema. Ukishuka baada ya safari ya barabara kuu unasikia harufu kali ya kuungua upande mmoja, ukadhani ni ya gari la jirani.

Sasa kipimo, ambacho hata asiye fundi anaweza kukifanya. Endesha kama dakika 20 kwenye barabara tulivu, ukitumia breki kidogo iwezekanavyo. Mwisho wa safari ondoa mguu kwenye mafuta, liache gari lipungue mwendo lenyewe, kisha lisimamishe taratibu. Shuka, pitisha mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu bila kugusa, vile unavyopima chuma cha chapati kama kimeshika moto. Usiguse diski, inaweza kukubabua mkono kabla hujasema ah. Linganisha kushoto na kulia, mbele kwa mbele, nyuma kwa nyuma. Usilinganishe mbele na nyuma, maana breki za mbele hufanya kazi kubwa zaidi na ni kawaida yake kuwa na joto zaidi.

Wengine wananiuliza kuhusu vipimajoto vya kuelekezea. Vile tulivyonunua wakati wa korona vya kupimia paji la uso havifai, vimetengenezwa kwa joto la mwili tu. Cha fundi kinafaa, lakini ukielekeze mahali pasipong’aa, maana chuma kinachometa kama kioo hukidanganya. Pima sehemu ileile kulia na kushoto. Namba yenyewe si muhimu kama tofauti. Kulia nyuzi 60 na kushoto 65, nenda kalale. Kulia 60 na kushoto 150, usiendeshe kurudi nyumbani.

Kwa nini naukazia mlima? Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,500 likiwa kwenye kilomita 110 kwa saa, ukilisimamisha kwa breki peke yake, joto linalotoka linatosha kuchemsha karibu lita 2 za maji ya bomba (maji ya bomba ya kawaida, si yale ya Maskati ya mwezi Julai ambayo yameshachemka nusu). Hiyo ni mara moja tu. Breki nzima huachia na kupoa. Breki iliyoshika haipoi, inaendelea kusugua hata pale mguu wako uko juu ya mafuta, na joto linapanda mpaka kwenye kalipa na kwenye oili ya breki iliyomo ndani.

Hapo ndipo hatari ilipo. Oili ya breki ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya haipaswi kuchemka kabla ya nyuzi 230. Lakini oili hii hunyonya unyevu wa hewa, na ikishanyonya kiasi, kanuni inaidai ifike nyuzi 155 tu. DOT 3 ni chini zaidi, nyuzi 205 ikiwa mpya na 140 ikiwa na unyevu. Ikichemka hutoa mapovu ya mvuke, na mvuke hubonyea. Unakanyaga pedeli, inashuka mpaka chini, na gari linaendelea kushuka nalo. Asubuhi breki ilikuwa nzuri, jioni barabarani tambarare itakuwa nzuri tena, kwa sababu oili imepoa. Imekataa mahali pamoja tu, mteremkoni. Ndiyo maana wengi walio na tatizo hili huambiwa gereji kwamba gari halina kitu.

Gari la dada yule tulilifungua mimi na kijana wangu wa kazi siku ya pili. Pedi ya ndani ilikuwa imekwisha kabisa, chuma kinakula diski, na pedi ya nje ilikuwa bado nene. Tofauti hiyo ndani na nje peke yake inatosha kumwambia fundi aangalie pini za kalipa. Kalipa, yaani lile koleo linaloibana diski, hutembea juu ya pini mbili zilizopakwa grisi ndani ya viraba. Kiraba kimoja kilikuwa kimechanika, mchanga umeingia, grisi imekuwa kama lami, na pini haitoki hata kwa nyundo. Aliyekuwa anambadilishia wilikepu hakuwahi kuvua gurudumu lile. Nimemwomba asinitajie jina la gereji, na hapa sitalitafuta.

Si kila mara ni pini. Wakati mwingine ni pistoni ya kalipa iliyopata kutu, na wakati mwingine ni ile hosi ya raba inayopeleka oili kwenye gurudumu. Hosi huzeeka kwa ndani. Nje unaiona nzima, ndani imevimba, oili inapita kwenda kwa nguvu ya mguu wako lakini hairudi. Fundi mzuri ana njia ya kujua. Anapandisha gurudumu kwa jeki na kuweka stendi, anakanyagisha breki, anaachia, anajaribu kuzungusha kwa mkono. Likiwa limeshika, analegeza ile nati ndogo ya kutolea upepo kwenye kalipa. Oili ikiruka na gurudumu likawa jepesi papo hapo, presha ilikuwa imefungiwa, basi kosa liko kwenye hosi au kwenye masta silinda. Lisipokuwa jepesi, kilichoshika ni chuma: pini au pistoni. Hosi ikiwa ndiyo, badilisha ya kulia na ya kushoto pamoja, zina umri mmoja. Pedi vilevile, kila mara kwa jozi. Na usikubali kurudishiwa gari bila oili mpya ya breki, kwa sababu ile ya zamani imeshapikwa.

Joto likiwa katikati kabisa ya gurudumu, kwenye kitovu chake, huku diski haina neno, mshitakiwa ni beringi. Hiyo hujitangaza: mngurumo unaoongezeka na mwendo na kubadilika ukikata kona. Beringi haingoji mshahara wa mwisho wa mwezi.

Kwa mlio Uingereza na kwingine kwenye baridi, jua hamna la kulisingizia, lakini mna chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hula pini na nyaya za hendibreki haraka sana. Ule ukaguzi wa kila mwaka wa MOT hupima breki za kulia na kushoto za ekseli moja kama zinalingana. Karatasi yake msiitupe. Isomeni, hasa pale penye maonyo ambayo hayakulifelisha gari. Na mkienda nyumbani kwa wiki sita, Unguja, Mombasa au popote, gari lisiachwe limevutwa hendibreki muda wote huo. Mkipata mahali tambarare, liwekeni kwenye gia, au P kwa otomatiki, mzibe magurudumu kwa vigingi vya mbao, hendibreki muiachie. Nimewaona waliorudi likizo wakakuta magurudumu ya nyuma yamegandana, wakalilazimisha kwa mafuta mpaka likaachia kwa kishindo, kisha wakaendesha mwezi mzima na breki iliyoachia nusu.

Ikikukuta njiani, ukaona moshi au harufu, kaa pembeni mahali pa usalama, mbali na majani makavu, na ngoja. Usimwage maji, diski yenye moto ikipata maji ya ghafla hupinda au kupasuka. Kama gurudumu lenye moto ni la nyuma, usivute hendibreki, tumia gia au P na jiwe. Watoto washuke, wakae nyuma ya kizuizi cha barabara, siyo ndani ya gari. Hata likishapoa, ita gari la kuvuta. Najua ni gharama, na najua mtu anasema “nitaenda polepole tu mpaka nyumbani”. Mkiwa na mteremko kati yenu na nyumbani, hiyo polepole haitasaidia.

Mkiniandikia kuhusu breki, nitajieni mambo matatu: gurudumu lipi, joto lake ukilinganisha na la pili yake, na lini oili ya breki ilibadilishwa mara ya mwisho. Vitabu vingi vya magari husema kila miaka 2. Asiyekumbuka aandike tu kwamba hakumbuki, nitajua pa kuanzia.