Safari Isiyoandikwa Katika Barua ya Rufaa

Ukimwuliza msafiri umbali kati ya Uwanja wa Ndege wa Songea na ule wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, atakujibu kwa muda: saa moja na nusu hivi angani. Kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 580. Kwa barabara, kupitia Njombe, Iringa na Morogoro, ni zaidi ya kilomita 900, na basi linaloondoka alfajiri huingia Dar es Salaam usiku. Kwa mwenye afya njema hesabu huishia hapo. Kwa mgonjwa wa rufaa, ndipo inapoanza.

Miaka michache iliyopita nilimwandikia rufaa mzee mmoja ambaye pafu lake lilikuwa limevujisha hewa kifuani. Mrija tulikuwa tumeutoa siku moja tu kabla. Wanawe walichanga nauli ya ndege, nami nikafurahi kwamba baba yao hatateseka barabarani. Barua yangu ilieleza ugonjwa kwa ukurasa mzima. Juu ya safari haikuwa na neno hata moja. Uwanjani alizuiwa kupanda. Familia ililalamika sana. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa aliyemzuia alikuwa amefanya kazi iliyokuwa yangu.

Ndege ikiwa juu, hewa iliyomo ndani yake huwa nyepesi, kana kwamba abiria ameketi mlimani penye kimo cha hadi mita 2,400. Hewa iliyonaswa kifuani, au tumboni baada ya upasuaji, hutanuka. Mwenye upungufu mkubwa wa damu, ambaye kitandani alionekana ametulia, huanza kuhema. Wala basi si kimbilio la wote: Njombe yenyewe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuketi zaidi ya saa nne bila kunyoosha miguu, iwe basini au angani, huongeza hatari ya damu kuganda mishipani.

Kwa hiyo naona safari ni sehemu ya tiba, na anayeiandika rufaa ndiye anayepaswa kuiamua. Aandike chombo kinachofaa, siku ambayo mgonjwa anaweza kusafiri, na muda kutoka kitanda hadi kitanda, pamoja na kungoja uwanjani na foleni ya kutoka Julius Nyerere hadi Muhimbili. Aandike pia kama oksijeni itahitajika na nani atamsindikiza. Najua wenzangu watasema fomu zimetuzidi. Ni kweli, zimetuzidi. Lakini hii ni mistari minne.

Mgonjwa naye, kabla ya kukata tiketi, aulize bila haya: "Daktari, kwa hali yangu nipande nini, na lini?"

Mzee wetu alisubiri wiki mbili zaidi. Picha ya kifua ilipoonyesha kwamba hewa imekwisha, alipanda ndege, safari hii akiwa na karatasi ya pili mfukoni.