Kuzunguka Nairobi na Baiskeli ya Kukodi: Ni Raha, Lakini Tuambiane Ukweli

Nimezaliwa Nairobi, nikalelewa Nairobi, na bado mwezi uliopita nilikodi baiskeli kama mtalii. Msicheke. Miaka yangu yote 22 nimeona hili jiji kupitia dirisha la matatu, tena dirisha limejaa stika. Nilikuwa natafuta kontenti tu. Nikapata kingine.

Jumapili ya kwanza nilienda Karura, juu huko ndiko wengi huanzia. Unalipa getini, unakodi baiskeli na helmeti, unaingia msituni. Manze, ni raha! Vumbi jekundu, miti mirefu, maporomoko ya maji, na hakuna honi hata moja. Msitu wote huo, zaidi ya hekta 1,000, pengine leo ungekuwa majumba kama Wangari Maathai na wenzake hawangekubali kupigwa miaka ya tisini wakiukinga na wanyakuzi. Nikarekodi video, wasee wakaipenda.

Jumapili iliyofuata nikakodi nyingine Westlands, nikasema leo naingia tao. Mwenye baiskeli aliniuliza mara mbili, "Una uhakika, bro?"

Ukishuka Waiyaki Way, juu yako kuna ile Expressway ya kilomita 27 iliyofunguliwa 2022. Huko juu baiskeli haziruhusiwi. Sawa. Lakini huku chini nako utapita wapi? Njia ya miguu imejaa nduthi, na kando ya lami ni ya matatu. Karibu na Museum Hill mat moja ilinibana hadi kioo chake kikanigusa kiwiko. Makanga akachomoza kichwa: "We mzungu mweusi, rudi Karura!" Abiria wote wakacheka. Hata mimi nilicheka, lakini miguu ilikuwa inatetemeka.

Tao lenyewe Jumapili asubuhi ni tamu kuliko vile nilidhani. Sanamu ya Dedan Kimathi nimeipita mara mia nikikimbilia gari. Siku hiyo nilisimama, nikaona vizuri bunduki mkono mmoja na kisu mkono wa pili. Moi Avenue nikasimama tena kwa Tom Mboya, karibu na mahali alipopigwa risasi 1969. Baiskeli ni haraka kuliko miguu na polepole kuliko mat, na unasimama popote bila kanjo kukuuliza pesa ya maegesho.

Kisha nikapita Muthurwa, nikashika Jogoo Road. Utalii uliishia hapo.

Mbele yangu kulikuwa na mzee kwa Black Mamba, keria imebeba trei za mayai. Kila matatu ikipiga honi, alikuwa anateremka kwenye changarawe, halafu anarudi kwa lami. Hakugeuka hata mara moja. Alikuwa amezoea.

Nikamkumbuka babangu. Kwa miaka mingi alipita barabara hii hii na Black Mamba, kutoka Umoja hadi Industrial Area, ili pesa ya nauli iwe karo yetu. Siku ya wazazi nikiwa kidato cha kwanza, nilimwomba aiache mbali na geti, mabeste wasiione. Chuo niliacha mwaka wa pili, ndiyo, lakini sekondari nilimaliza kwa nguvu ya miguu yake. Jioni hiyo nikamuuliza kama alikuwa anaogopa njiani.

"Kila siku," akasema, akaendelea na chai yake.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: Nairobi, kuendesha baiskeli bila kuogopa ni kitu tunakodi kwa saa. Mwenye anataka kujifurahisha ana msitu wenye walinzi. Mwenye anataka kufika kazini ana changarawe. Na si eti serikali haijui. Kaunti ilitoa sera mwaka 2015, ikisema asilimia 20 ya bajeti ya usafiri iende kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Hata pale njia zimejengwa, kama sehemu za Ngong Road, nenda uone nduthi zimeegeshwa juu yake.

Kuna wenye watasema jiji lina shida kubwa kuliko baiskeli. Lakini si ni sisi hulia mvua ikinyesha nauli ikiruka mara mbili? Jibu la bei rahisi tunalo. Tunaliogopa tu, na tuko na sababu.

Kodi baiskeli, wasee. Anza na Karura ufurahie, halafu siku moja toka nje ya geti uone. Na ukiwa kwa mat, dere akianza kumbana mtu wa baiskeli, mwambie ampe nafasi. Mimi miaka 22 nilikuwa nanyamaza hapo dirishani. Wewe ulishawahi kusema kitu?