Uinjilishaji Mtandaoni: Tuwaite Wenzetu wa Chombo cha Pili



Mwaka jana sisi mafrateri wachache wa falsafa tulianzisha kundi la WhatsApp. Kila Ijumaa tulituma video ya tafakari ya masomo ya Dominika. Tulijiona wamisionari wa kizazi kipya. Baada ya miezi miwili tukagundua kwamba vijana wa parokia jirani wanatuma tafakari hizohizo, na kwaya moja nayo ina kundi lake. Makundi yalikuwa matatu, lakini wasikilizaji walikuwa karibu walewale. Likizo ilipofika, kundi letu lilikufa, na hakuna aliyeuliza limekwenda wapi.

Katika likizo hiyohiyo tulitumwa kwenye kigango ambako padre hufika mara chache. Dominika nyingi katekista ndiye anayeongoza ibada. Tulipomsimulia habari za video zetu, alicheka kwa upole, akatuonyesha simu yake ndogo ya vitufe. “Wanangu,” alisema, “mimi naomba sauti tu. Niwekeeni kwenye memori kadi, niisikilize Jumamosi nikijiandaa.” Tulinyamaza. Tulikuwa tumetengeneza kitu kizuri kwa ajili ya watu wenye vingi tayari, na hatukuwahi kumwuliza mwenye uhitaji anahitaji nini.

Ndiyo maana tunasema kwamba tatizo la uinjilishaji mtandaoni, kwa kiasi kikubwa, si uhaba wa vifaa. Ni kila mmoja kulima shamba lake usiku, asimwone jirani. Kanisa halikuanza hivyo. Papa Pius XI alipotaka sauti yake ivuke mipaka, hakujifanya fundi wa redio. Alimwita Guglielmo Marconi, na Redio Vatikani ikazinduliwa tarehe 12 Februari 1931. Mchungaji alileta ujumbe, mtaalamu akaleta mitambo. Machi 2018, Vatikani iliwakutanisha wanafunzi 120 wa fani mbalimbali. Kwa saa 36 walibuni pamoja njia za kidijitali za kusaidia wahamiaji na wakimbizi, mazungumzano kati ya dini, na watu waliosahauliwa katika jamii. Walianza na shida ya watu, ndipo wakaifikia kompyuta.

Wapo watakaosema kwamba ushirikiano huchelewesha kazi, na kwamba mwenye moto wa kuhubiri asingoje vikao. Hoja hiyo ina uzito. Vikao vimewahi kuzima mambo mema. Lakini kasi ya mtu mmoja ina hatari zake. Tafakari yenye kosa la mafundisho husambaa kabla hajapatikana wa kuisahihisha, na kazi inayomtegemea frateri mmoja husimama siku anapofunga sanduku kwenda likizo. Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha kwamba wema kwa asili yake hujieneza. Basi, kama kazi yetu ni njema, kwa nini tunaing'ang'ania kama mali yetu?

Tunapendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalodai fedha nyingi. Kwanza, kabla ya kuanzisha kundi jipya, tuwaulize makatekista na viongozi wa jumuiya ndogondogo wanakosa nini. Pili, parokia jirani ziwe na hazina moja ya sauti: mwenye sauti nzuri asome, anayejua kompyuta ahariri, padre apitie mafundisho, kisha kila kigango kichukue bure. Tatu, kila kazi iwe na mrithi aliyeandaliwa tangu siku ya kwanza.

Tunakumbuka pia kwamba simu haibatizi wala haiungamishi. Kazi yake ni kumsindikiza mtu hadi mlangoni. Ndani kuna altare, na kuna ndugu wa kushikana naye mkono.

Katika Injili ya Luka, nyavu zilipojaa samaki hata kukaribia kukatika, mitume hawakuona haya kuwapungia mkono wenzao wa chombo cha pili. Sisi tuliona haya. Muhula huu tumeanza upya pamoja na vijana wale wa parokia jirani, na memori kadi ya kwanza imeshafika kigangoni. Haina video hata moja.