Lubumbashi: Mafumbo ya nkambo yaingie darasani

Mtoto wa Katuba akisoma katika kitabu cha Kifaransa kwamba «il pleut des cordes», anaona kamba zikianguka kutoka juu. Mwalimu anaandika maana ubaoni: mvua kubwa. Mtoto anakariri. Siku ya mtihani, sentensi ikibadilishwa, anapotea.

Si kwamba mtoto huyo hajui mafumbo. Jioni nkambo wake akimwambia «kidole kimoja hakivunji chawa», hatazami vidole vyake. Anajua anaitwa kusaidia wenzake. Akiulizwa «nyumba yangu haina mlango», anajibu mbio: yai. Akili hiyo anayo tayari, ila anaiacha nje ya shule.

Sheria ya elimu ya Februari 2014 inataka lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo, zitumiwe kufundishia. Lakini sheria haimsaidii mtoto ikiwa Kiswahili kinabaki lugha ya kutolea amri na kutafsiri maneno magumu tu.

Jambo hili halihitaji pesa. Mwalimu aanze na methali moja ya nyumbani, aulize: maneno yanasema nini, na msemaji anataka kusema nini? Watoto wakishajibu, alete sentensi ya Kifaransa, aulize vilevile. Hapo wataona kwamba kamba za mvua na chawa wa nkambo vinaenda njia moja.

Na wazazi wasiogope. Kiswahili hakikipokonyi Kifaransa nafasi yake, kinakitengenezea njia.