Mwanafunzi wa tiba asome wodini na nyumbani

Wapo wazazi wanaodhani binti anayesomea uuguzi akishika simu usiku anapoteza muda. Huenda yuko darasani. Mwaka 2005, AMREF ilianza nchini Kenya kuwasomesha kwa kompyuta wauguzi wa ngazi ya cheti ili wafikie diploma bila kuacha kazi. Nadharia kwenye kompyuta, vitendo hospitalini. Muuguzi wa zahanati ya mbali, tena mwenye watoto, hakulazimika kuhamia chuoni.

Nauunga mkono mtindo huo hata kwa wanafunzi walio kwenye mafunzo ya vitendo, ila usigeuzwe njia ya kubana matumizi. Chukua kunawa mikono. Shirika la Afya Duniani linaelekeza sekunde 40 hadi 60 kwa maji na sabuni, na hatua zake video huzionesha vizuri. Lakini wodi imejaa, mwanafunzi anatoka kitanda hiki kwenda kile: je, atanawa? Hapo anatakiwa msimamizi aliye karibu naye. Tuliopita madrasa tunalijua hili. Makhraj hurekebishwa na ustadhi anayekusikiliza, si kitabu peke yake.

Tena hospitali isimpangie zamu za usiku mfululizo, huku chuo kikimdai kazi ya mtandaoni asubuhi. Mwenye usingizi ni rahisi kukosea dozi. Nyumbani nako, akirudi zamu aachwe alale, apate na saa moja ya kusoma, ndipo aitwe jikoni. Maji hata kaka yake anaweza kuyachota.